Skuli ya Mlimani

Mara ya kwanza nilipoingia katika nyumba ile ya Al Baraha, Dubai, nilikuwa nimekwenda kupiga picha ya pasipoti, kazi ambayo siipendi hata leo. Studio nilikoajiriwa ilikuwa ya Mhindi mmoja wa Kerala, na alinithamini kwa sababu moja tu, kwamba mimi ni mwanamke. Familia nyingi za mtaa ule hazikutaka mama zao wakae mbele ya kamera ya mwanamume, kwa hiyo arbab wangu, yaani bosi, alikuwa akinipakia kwenye teksi pamoja na taa na begi langu na kunituma majumbani mwa watu. Nilipiga pia harusi za upande wa wanawake, kule ambako simu zinakusanywa mlangoni, na shughuli ikiisha mwenye harusi anakaa ubavuni pako mpaka ufute kila picha asiyoitaka. Hizo nilizipenda, maana watu walicheka na chakula kilikuwa kingi. Picha za pasipoti ni mtu amekaza uso mbele ya ukuta mweupe, basi.

Mwenye kupigwa picha alinifungulia mlango mwenyewe. Alikuwa bibi mrefu, mwembamba, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya viatu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniacha nieleze nilichofuata mpaka nikaishiwa maneno.

"Weye mtu wa bara," akasema.

"Ndiyo, Bi Mkubwa. Singida."

"Nimejua. Kiswahili chenu kimenyooka kama rula. Ingia, usiogope, humu hatuli watu."

Nilipofungua begi nikakuta nimesahau kitambaa cheupe cha kuweka nyuma yake. Nilitamani ardhi inimeze. Kuta za sebule yake zilikuwa za kijani, na mashuka aliyoyatoa kabatini yote yalikuwa na maua au madoa ya chai. Mwishowe akaingia chumbani, akarudi na kitambaa kilichokunjwa vizuri sana, kinanukia udi. Ilikuwa ihramu ya marehemu mumewe, ile aliyohijia.

"Hii ndiyo nyeupe hasa," akasema. "Itundike. Yeye alipenda kuwa nyuma yangu, nisimtie aibu mbele za watu."

Nikaitundika kwenye fimbo ya pazia kwa vibanio vya nguo. Nilipomwambia afunge mdomo na asitabasamu, akaniuliza kwani pasipoti ni msiba? Nikamwambia ndivyo wanavyotaka. Akaufunga, lakini macho yalikuwa yanacheka, na picha ile ya kwanza ninayo mpaka leo.

Pasipoti yenyewe ilikuwa ya ajabu. Alifika Dubai na mumewe zamani, kabla ya haya majengo, karatasi za Zanzibar zikaisha muda, na huku hawakumwandika uraia. Akazaa, akalea, akazika mume, bila kuwa raia wa popote. Sasa watu wa aina yake walikuwa wanapewa pasipoti za visiwa vingine kabisa ambavyo hawajawahi kuvikanyaga, ili angalau wawe na kitabu chenye jina lao.

"Wanasema na wao wana karafuu," akaniambia, akiwa anaikunja ihramu. "Basi tutaelewana."

Wakati nafunga begi ndipo nilipoona kitabu juu ya friji. Kilikuwa kimevalishwa jalada la kanga iliyoshonwa kwa mkono. Aliona nakitazama, akakishusha. Kumbe alikuwa mwalimu wa Kiingereza, skuli ya wasichana, miaka yote kabla ya kuja huku, na kitabu hicho ndicho alichokifundisha. Kilikuwa cha mwandishi wa zamani wa Uingereza, habari za mwalimu mmoja wa kike anayepelekwa kufundisha kijiji cha mlimani kwenye uwanda usio na mti hata mmoja, akagombana na kila mtu kule, na bado akakataa kuondoka. Skuli yake ilikuwa juu kabisa, peke yake, upepo mtupu.

"Na kijiji kipo kweli," akasema. "Mwandishi kazaliwa hapo, kafa hapo. Watu wanakwenda kutembea."

Na mimi, kwa mdomo wangu, nikamwambia huenda nikafika karibu na huko. Nilikuwa nimepata kazi ya kiangazi kwa madam mmoja wa Al Warqa aliyekuwa na farasi wake kaskazini ya Uingereza. Kila joto la Dubai linapozidi, yeye na binti zake walihamia kule kupanda farasi, na walitaka mpiga picha mwanamke. Bibi akanitaka nimpigie picha za kijiji kile. Tangu siku ile nikawa namwita Mwalimu, maana alianza kunipa kazi ya nyumbani.

Kiangazi kile, kutoka mazizini kwa madam mpaka kijijini ilikuwa basi moja, halafu jingine. Madam alinipa siku yangu ya mapumziko akinionea huruma. Alidhani nakwenda kanisani. Nilifika mvua inanyesha, ile mvua yao isiyo na haya, inanyesha polepole kutwa nzima. Kijiji kizuri, sikatai. Nyumba za mawe meusi, kanisa, mto mdogo chini ya daraja. Lakini kila kitu kilikuwa na uso wa yule mwandishi, chai, biskuti, taulo za jikoni, mpaka kitanda cha mbwa. Kibao kanisani kilieleza kwamba alikufa fukara. Nilikasirika kwa niaba yake, nikanunua biskuti hata hivyo, kwa ajili ya Mwalimu.

Nilipiga picha nyingi na zilikuwa nzuri. Ninaijua kazi yangu. Nilipozisafisha nikazipanga kwenye albamu na kuzipeleka Al Baraha. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kibaraza chake kidogo juu ya duka la magurudumu, mlango wazi, joto lote linaingia ndani. Hakuwa anapenda kiyoyozi. Alikula biskuti moja, akavaa miwani, akachukua na kioo cha kukuzia, akaanza kurasa moja moja. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akaiweka albamu chini.

"Umepotea, mwanangu."

"Sikupotea, Mwalimu. Hapo kuna kibao cha jina lake."

"Hapa bondeni. Pana maji, pana majani. Mimi nataka uwanda. Mawe yako wapi?"

Ndipo aliponieleza. Kitabu hakikuwa na picha hata moja. Wanafunzi wake walimuuliza uwanda huo ukoje, na yeye hakuwa amewahi kuuona. Akasoma tena maelezo, ardhi kavu ya mawe, vichaka vifupi, upepo, hakuna anayelima, akajua moja kwa moja ni wapi. Akawapakia kwenye lori la skuli, akawapeleka maweni, ile sehemu ya kusini ya Unguja yenye ardhi ya jiwe tupu na vichaka vinavyokwaruza miguu. Akawasimamisha pale juani na kuwasomea sura ya kwanza. Kila mwaka darasa jipya, kila mwaka lori. Wasichana wale sasa ni bibi za watu, wametawanyika Maskati, London, Dar, na wote wakisikia jina la kitabu kile wanaona maweni.

"Kule ni maji matupu," nikamwambia. Nilikuwa nimechoka na viatu vyangu vilikuwa bado vinanuka ukungu. "Ardhi inabonyea ukiikanyaga, kama godoro lililoloa. Kuna kondoo. Baridi mpaka kwenye meno. Hamna maweni pale, Mwalimu."

Alikung'uta makombo ya biskuti kwenye kanga yake.

"Basi nimewafundisha watoto wa watu uongo," akasema, na akaifunga albamu.

Niliondoka pale nimenyong'onyea. Nilikuwa nimekwenda kumpelekea zawadi nikamnyang'anya kitu. Na bado nilikuwa na hasira naye, kwa sababu mtu aliyefika ni mimi.

Kiangazi kilichofuata nilirudi kijijini na sikusimama mtaani hata kwa chai. Nilimuuliza mwenye duka la biskuti skuli ya kwenye kitabu iko wapi, akaninyooshea kidole juu, akaniangalia viatu, akatikisa kichwa. Njia ilipita makaburini, ikapita ukuta wa mawe, ikapanda. Nilipanda nikiwatukana farasi, madam, Mwalimu na mwandishi mwenyewe. Kisha nikafika juu na nikanyamaza.

Moto ulikuwa umepita pale miezi michache nyuma. Vichaka vyote vilikuwa vimeungua, vimebaki vijiti vifupi vyeusi, na chini yake mawe yalikuwa yamejitokeza ya kijivu, yamechongoka, yametapakaa mpaka macho yanapoishia. Siku ile jua lilikuwa kali kwa Uingereza. Upepo ulikuwa unavuma moja kwa moja bila kuzuiwa na chochote. Katikati yake ilisimama skuli, au kilichobaki, kuta za kufika kiunoni na mlango mmoja wa mawe uliosimama peke yake. Mimi sijawahi kufika maweni. Lakini nilijua.

Nilipiga taratibu. Nilisubiri mawingu yaondoke, nikapiga tena. Nakumbuka nilikuwa nacheka peke yangu na mtalii mmoja akabadilisha njia.

Picha ile niliichapisha kubwa. Mwalimu aliishika kwa mikono miwili, akaileta karibu na pua, akaisogeza mbali. Kisha akapiga ukelele ulioshtua duka la magurudumu chini.

"Hapo! Si nilisema? Hapo ndipo!"

Akamwita mwanawe, ambaye alikuwa amekuja kumjulia hali akitokea kazini Dubai Silicon Oasis. Mtu mpole, miwani, kadi ya ofisi bado shingoni, alizaliwa Dubai na anaongea Kiunguja cha mamake kwa lafudhi ya Kiarabu. Akaitazama picha, akasema nzuri, mama. Mwalimu akamwambia si nzuri, ni kweli, na kuna tofauti. Akaibandika ukutani juu ya friji, mahali pa kitabu. Halafu, bado ametupa mgongo sote wawili, akasema, "Nitakwenda."

"Wapi, mama?"

"Nataka kusimama kwenye mlango ule. N'na pasipoti sasa. Ya nini, kama si ya kwendea?"

Tangu hapo hakuwa na habari nyingine. Nikienda kumsalimia, hata bila kazi, ni koti atakalovaa, ni kama kuna choo huko juu, ni kama atamudu kupanda. Nilimwambia tutapanda polepole, mimi nitambebea kiti. Nilikuwa nasema kweli. Nilikwisha kulikagua kila jiwe la njia ile kichwani, wapi atapumzika, wapi nitamshika mkono. Sidhani nimewahi kutaka jambo la mtu mwingine kiasi kile.

Viza ya Uingereza inataka picha mpya. Ihramu ikatoka tena, vibanio vya nguo, fimbo ya pazia. Mwanawe akajaza yote yaliyotakiwa, na madam wangu, ambaye kumbe ana moyo, akaandika barua ya mwaliko. Wakamnyima. Walisema hawakuridhika kwamba angerudi Dubai.

"Wanaogopa nitabaki kwao," Mwalimu akasema, akicheka kwa sauti ya juu kidogo. "Kizee kama miye nibaki nile nini? Zile biskuti?"

Mwanawe hakucheka. Alikuwa anaipekua ile pasipoti ya visiwa, anaifungua na kuifunga.

Kiangazi cha tatu nilipanda tena. Vichaka vilikuwa vimerudi. Mlima wote ulikuwa kijani, na maua ya zambarau yamefunika mawe, watu wanapiga picha za harusi. Mwenye duka la biskuti alinipongeza kwa kufika wakati mzuri. Nilizunguka kutwa nzima nikitafuta kipande kilichobaki kikavu na nikakipata nyuma ya ukuta wa skuli, kidogo tu, pa kuweka mkeka. Nilipiga hicho. Zambarau sikuipiga hata moja.

Niliporudi, Mwalimu alikuwa amehamishwa. Presha ya macho ilikuwa imemshika, alishaanguka mara mbili kwenye ngazi za Al Baraha, na mwanawe akamchukua kwake Silicon Oasis. Jengo zuri, lifti mbili, mlinzi Mganda aliyenisalimia kwa Kiswahili na kunionea wivu aliposikia nimetoka Ulaya. Chumba cha Mwalimu kilikuwa ghorofa za juu na madirisha yake hayafunguki. Ndivyo yalivyojengwa. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma kutwa, na yeye amejifunika shali mbili.

"Wamenitia kwenye friji," akaniambia. "Hebu jaribu dirisha hilo, weye una nguvu."

Nilijaribu mbele yake ingawa nilikwisha kuona halina komeo. Akasikia nikishindwa, akasema basi, liache.

Ile picha kubwa ilikuwa imeletwa, imewekwa juu ya kabati. Sijui alikuwa anaona kiasi gani. Nilimpa picha mpya ya kile kipande kikavu, akaipeleka kwenye mwanga, akaipindua, akairudisha kwenye mwanga.

"Mawe yapo?"

"Yapo, Mwalimu."

"Alhamdulillahi."

Maombi ya pili ya viza yakaenda. Picha mpya, ihramu ileile, mara hii tumeitundika kwenye mlango wa kabati. Wakamnyima kwa maneno yaleyale, hawakubadilisha hata nukta. Siku hiyo hakutania. Aliuliza kama wanaosoma hayo maombi ni watu au mashine, na mwanawe akasema hajui. Alilala akiwa ameugeukia ukuta, na sisi wawili tukanywa chai jikoni.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo nilipofanya kosa la kuzifungua picha zake zote pamoja kwenye kompyuta. Nilikuwa natafuta nyingine kabisa. Zikajipanga zenyewe, kitambaa kilekile cheupe, mdomo uliofungwa, na uso unapungua. Ya kwanza macho yanacheka. Ya mwisho jicho la kushoto limekwisha kuwa la maziwa. Na pembeni yake, kwenye folda inayofuata, ule mlango wa mawe, haujasogea hata kidogo. Nililia ofisini mbele ya arbab wangu. Alinipa tishu na kuniambia niende nyumbani mapema, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada.

Nilidhani yameisha. Lakini mwaka uliofuata Mwalimu akataka kujaribu tena. Mwanawe alinipigia simu kuniomba nimwambie aache, nikamjibu mimi siwezi, mwambie mwenyewe. Naye hakuweza. Basi nikaenda na taa zangu.

Kufikia hapo alikuwa haoni kabisa. Nilimkalisha, nikamfunga kanga vizuri kichwani, nikamfuta jasho. Sheria ya picha za viza haina huruma: macho wazi, yaangalie kamera. Nikamwambia atazame mbele, akatazama kabatini. Nikamgeuza kichwa kwa mikono yangu, nikarudi kwenye kamera, kichwa kikawa kimeshahama. Tulihangaika hivyo mpaka tukaanza kuchoka.

"We mtoto," akasema, "sema kitu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Nitakutazama unaposemea."

Nikaweka kidevu changu juu ya kamera, mdomo karibu kabisa na lenzi, nikaanza kumwelezea njia. Makaburini, Mwalimu. Sasa ukuta. Sasa tunapanda, shika mkono wangu. Macho yake yakaja polepole, yakatulia, yakaniangalia usoni kabisa. Nikabonyeza.

Picha ile ukiiona hutajua. Anakutazama moja kwa moja, kama mwalimu aliyekuita jina na anasubiri jibu. Mwanawe hakuamini. Ikakubaliwa bila swali.

Na wakampa viza. Walipomnyima hawakusema sababu ya maana, na walipompa hawakusema yoyote. Miezi sita, kuingia mara nyingi, karatasi inayong'aa imegandishwa kwenye pasipoti ya visiwa. Nilikwenda mbio Silicon Oasis nikiwa na maandazi. Nilimkuta mwanawe amekaa mezani, pasipoti mbele yake, na Mwalimu kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Mabruk, Mwalimu!" nikasema. "Koti tunanunua wapi?"

Mwanawe akasema, si kwa ukali, "Anakwenda kuona nini?"

Alisema hivyo mama yake anasikia. Nilitaka kumrushia maandazi usoni. Nilimwambia anakwenda kusimama, kusimama hakuhitaji macho, mimi nitambeba mgongoni ikibidi. Nilipayuka. Mwalimu akanyoosha mkono hewani kuninyamazisha, kama vile darasani, nikanyamaza.

Nilipoondoka mwanawe alinifuata mpaka kwenye lifti. Ilikuja, akaiacha ikaenda.

"Dada, si macho," akasema. "Tangu nizaliwe sijatoka nchi hii. Mama hajatoka tangu alipoingia. Akifika uwanja wa ndege wakati wa kurudi, mtu akaifungua pasipoti hii, akasema mwende kwenye visiwa vyenu? Atakaa wapi? Hatuna mtu huko. Hatujui hata salamu yao."

"Mna ukaazi wa Dubai, umeandikwa."

"Umeandikwa, naam. Niambie basi kwamba haitatokea. Niambie, nitamkatia tiketi kesho."

Nilitaka kumwambia. Lakini mimi ni mtu mwenye pasipoti ya nchi niliyozaliwa, na ninajua kule Singida kuna mlango ambao hawawezi kuufunga usoni kwangu. Nilikuwa nataka kumwahidi kitu ambacho hakikuwa changu. Lifti ikaja mara ya pili nikaingia.

Hasira yangu kwake iliisha palepale, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilibaki bila wa kumlaumu. Nilirudi siku chache baadaye kumwona Mwalimu peke yake. Nilitegemea atapigana. Yeye, aliyegombana na wakaguzi wa skuli, na majirani, na kiyoyozi. Aliniambia mwanawe amesema kweli.

"Nikibaki nje, nani atamzika nani?" akasema. "Khalas. Weye nenda. Ukifika mlangoni unipigie, nisikie upepo. Nataka upepo tu. Humu ndani hamna."

Kilikuwa kitu kidogo mno baada ya yote yale, na nilikishika kwa nguvu zote.

Kiangazi hicho nilipanda asubuhi. Mawingu yalikuwa chini, hakuna mtalii hata mmoja, na upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba ilibidi nishike jiwe la mlango nisiyumbe. Ulikuwa unapita kwenye nyufa za kuta za skuli na kupiga kelele za kila namna, nyembamba na nene. Viza ilikuwa bado hai siku ile, imelala kwenye droo Silicon Oasis. Simu za intaneti huku kwetu Dubai zimefungwa, kwa hiyo nilipiga ya kawaida, kwa simu mpya aliyonipa madam. Mwanawe akapokea, akasema anamwekea sikioni.

"Mwalimu, nimefika. Nipo mlangoni. Sikiliza."

Nikainyanyua simu juu ya kichwa, nikaielekeza kule upepo unakotoka. Mkono uliuma kwa baridi lakini sikuushusha. Nilimwachia muda wa kutosha, nikawaza amefumba macho, nikawaza maweni na lori na wasichana. Kisha nikairudisha sikioni.

"Halo?" alikuwa anasema. "Halo? Mbona umekata?"

"Sijakata. Nimekusikilizisha upepo."

"Upepo gani? Pamekuwa kimya."

Nikajaribu tena, nikaisogeza kwenye ufa wa ukuta, pale panapolia zaidi. Nikairudisha. Hakuna. Nilikuja kujua baadaye kwamba simu za siku hizi zimetengenezwa hivyo, zichuje kelele zote za nje, upepo kwanza, ili anayesikiliza apate sauti ya mtu peke yake. Wakati ule sikujua. Nilidhani nakosea, nikawa naigeuza huku na huku, nikimpigia kelele, Mwalimu, sasa je? Sasa?

"Nakusikia weye tu, mwanangu," akasema. "Safi kabisa. Kama umo humu chumbani."

Nikakaa chini kwenye kizingiti cha skuli. Nikaanza kumwelezea, upepo unatoka upande gani, unapita wapi, unafanya nini kwenye majani. Sikuweza kupumzika hata kidogo, maana kila nikinyamaza alidhani simu imekatika.